Sahani ya Bati Hadi Mbeya

Safari hii nilikata tiketi ya treni ya TAZARA, Dar es Salaam hadi Mbeya. Wenzangu walinicheka: ndege ingenifikisha kwa saa moja na ushee. Mimi nikafungasha kikapu cha ukindu, chupa ya maji ya chuma, kitenge cha kujifunika na sahani ya bati.

Reli hii, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Kichwa cha treni kinakunywa dizeli, ndiyo, lakini kinavuta mabehewa mazima ya watu. Ukigawa moshi ule kwa abiria wote, fungu la kila mmoja ni dogo kuliko la abiria wa ndege.

Katika stesheni ya Mlimba, mama mmoja alisogeza sufuria ya wali na samaki chini ya dirisha. Nikamshushia sahani, akapakua. Hapakuwa na foili wala mfuko wa kutupa. Kisha treni ikaanza kupanda milima kuelekea Makambako, handaki baada ya handaki.

Nilichelewa kufika, lakini nchi nimeiona. Ukipata siku mbili za nafasi, panda treni; na sahani usiisahau.