Memori kadi ya nyimbo 1,000: hesabu iangaliwe upya

Muuza nyimbo wa Sindeni, kama mwenzake wa Handeni au Korogwe mjini, humvuta mteja kwa idadi. Kadi iliyojaa nyimbo 1,000 hutoka haraka kuliko yenye 400. Lakini idadi hiyo ina gharama yake, na anayeilipa ni msikilizaji.

Hesabu si ngumu. Sauti ya CD huchukua kilobiti 1,411 kwa sekunde. Faili la MP3 la kilobiti 128 hubakiza takriban sehemu moja kati ya kumi na moja. Wimbo wa dakika nne, ambao kwenye CD ni megabaiti 42 hivi, hushuka chini ya megabaiti 4. Kadi ya gigabaiti 4 ndiyo hiyo inayobeba nyimbo 1,000. Kwa kilobiti 320 hubeba 400 na ushee.

MP3, iliyoendelezwa na taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani na kupewa jina hilo mwaka 1995, hutupa sauti ambazo sikio halizinasi kwa urahisi, mathalani mlio mdogo uliofunikwa na mkubwa. Ikibanwa mno, pengo husikika: matoazi huchakacha, fidla za taarab hukwaruza. Kwenye spika ya simu hutagundua. Anayekodisha muziki wa harusi ndiye anayeumbuka, tena mbele ya wageni.

Ujanja wa sokoni uko hapa. Zipo programu za kugeuza faili la 128 liwe la 320. Faili hunenepa, sauti hairudi, kilichotupwa kimetupwa. Mnunuzi wa jumla asiridhike na namba iliyoandikwa, adai kusikiliza matoazi kwa spika nzuri kabla ya kutoa fedha.

Kwa mwenye mtaji, leseni za MP3 zenyewe zilikoma mwaka 2017, hivyo mfumo hauna malipo. Nyimbo si bure. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inataka idhini ya mwenye kazi kabla ya kunakili na kuuza, na mlango wa kuanzia ni COSOTA. Kibanda kisicho na idhini, hata sauti yake iwe safi namna gani, ni mtaji uliowekwa rehani.

Mwenye idhini anaweza kupanga bei mbili: kadi ya 128 kwa wenye simu, na ya 320 kwa wenye spika kubwa, ambao hurudi dukani kulalamika.