Mimba Ina Wiki Ngapi?

Kuna swali moja kwenye kliniki ya wajawazito ambalo huwababaisha wengi: mara ya mwisho uliona siku zako lini? Mmoja anakumbuka tu kwamba mahindi yalikuwa yanapaliliwa. Mwingine alikuwa bado ananyonyesha, hakuona kitu kwa miezi. Wa tatu ndiyo kwanza alikuwa ameacha sindano za uzazi wa mpango. Muuguzi hana la kufanya ila kuchukua futi, ile ile ya fundi cherehani, akaitandaza kutoka mfupa wa kinena hadi pale mfuko wa uzazi unapoishia juu. Sentimita 28, basi wiki 28. Inaandikwa kwenye kadi.

Makisio hayo si mabaya, lakini futi hudanganywa kirahisi. Mapacha huongeza tumbo, na mtoto aliyedumaa tumboni hulipunguza. Mtoto anayezaliwa na kilo mbili anaweza kuwa njiti wa wiki 34, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia, au akawa ametimiza wiki zake zote ila hakushiba vizuri kupitia kondo la nyuma. Kwenye mizani wanalingana. Chanzo cha udogo wao ni tofauti kabisa, na anayetaka kutabiri nani atajifungua njiti lazima kwanza ajue yupi ni yupi.

Ndiyo maana watafiti waliokwenda Korogwe, Tanzania, mwaka 2008 walianza na mashine ya ultrasaundi. Mradi huo, uliojulikana kama STOPPAM, uliunganisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Copenhagen. Wanawake karibu 1,000 waliandikishwa kabla ya wiki ya 24, umri wa mimba zao ukapimwa kwa mashine, kisha wakafuatiliwa hadi kujifungua. Mwaka 2012 ikatoka chati ya uzito wa mtoto tumboni iliyotokana na vipimo vya akina mama wa huko huko, badala ya kuazima chati ya Ulaya. Miaka michache baadaye, kati ya 2014 na 2016, utafiti mwingine ulirudi nyuma zaidi: uliwafuata wanawake wa vijiji vya Korogwe na Handeni kabla hawajashika mimba. Zaidi ya theluthi moja yao walikutwa tayari na upungufu wa damu. Tatizo lilikuwepo hata kabla ya kadi ya kliniki kufunguliwa.

Utafiti uliowashangaza wengi ulikuja baadaye. Kuanzia Machi 2018, wajawazito 4,680 wa Kenya, Malawi na Tanzania, wakiwemo wa Handeni na Korogwe, waliingia katika jaribio lililoitwa IMPROVE. Wilaya hizi zinajulikana kwa vimelea vya malaria vilivyoizoea SP, vile vidonge vitatu vya kuzuia malaria ambavyo mama humeza kliniki mbele ya muuguzi. Kundi moja lilipewa SP, jingine dawa mpya zaidi ya DP, na la tatu DP pamoja na antibiotiki ya azithromycin. DP iliizuia malaria vizuri zaidi, kama ilivyotarajiwa. Lakini matokeo mabaya ya mimba, yaani kuharibika kwa mimba, njiti, watoto wadogo na vifo vya vichanga yakihesabiwa pamoja, yalikuwa asilimia 27.9 kwa waliopewa DP peke yake na asilimia 23.3 kwa waliopewa SP. Dawa iliyozoewa na vimelea, SP, ilikuwa inafanya kazi nyingine. Huenda inapunguza bakteria na uvimbe wa ndani kwa ndani, jambo ambalo kipimo cha malaria hakiwezi kulionyesha.

Uvimbe huo unaonekana kwenye damu. Maabara ya Ivo de Carneri kule Pemba ilikuwa moja ya vituo vitano, pamoja na vya Bangladesh, Pakistan na Zambia, vilivyochangia damu na mkojo wa wajawazito 81, ambao 39 kati yao walijifungua njiti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba kompyuta, ikisoma protini na kemikali za mapema katika mimba, inaweza kuwatenganisha wengi wa makundi hayo mawili. Wanawake 81 ni wachache mno kwa kipimo cha zahanati. Hata hivyo dalili za uvimbe zilijitokeza waziwazi.

Kutabiri vibaya kuna gharama, na Kenya inaijua. Katika jaribio la nchi sita lililochapishwa mwaka 2015, wajawazito waliodhaniwa kukaribia kujifungua njiti walipewa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Pale ambapo tarehe haikujulikana, umri wa mimba ulikisiwa kwa utepe wenye rangi. Wengi waliochomwa hawakuwa na njiti hata kidogo, na vifo vya vichanga vikaongezeka badala ya kupungua. Miaka mitano baadaye yakatoka matokeo ya jaribio jingine la sindano zile zile, Kenya ikiwemo, safari hii hospitalini na kwa umri uliothibitishwa kwa ultrasaundi. Vifo vya vichanga vilishuka kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apate ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Katika miezi mitatu ya kwanza mashine hukosea kwa siku chache tu, kwa kuwa watoto wote bado wanakua kwa mwendo unaofanana. Mama akifika mwezi wa nane, inaweza kukosea kwa wiki tatu, na hapo haimzidi sana muuguzi mwenye futi.