Fundi Aliyeshika Ufagio

Saa kumi na mbili asubuhi, Barabara ya Lunga Lunga jijini Nairobi hujaa watu waendao kwa miguu. Wanatoka Mukuru kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani, na wengi wameacha matatu kwa hesabu rahisi: nauli ya kwenda na kurudi ndiyo chakula cha mchana. Wakifika kwenye mageti ya Industrial Area husimama kumngoja msimamizi. Naye akitoka hunyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe kule nyuma. Haulizi mtu anajua kazi gani. Anaangalia mabega.

Niliwahi kuchaguliwa hivyo, nikafanya kibarua katika kiwanda kimoja cha kufungasha unga. Siku moja mashine ya kufunga pakiti ilisimama, na laini nzima ikalala. Msimamizi akapiga simu kumwita fundi wa nje. Mzee mmoja aliyekuwa akifagia karibu nasi akainama, akatega sikio, akazungusha gurudumu kwa mkono polepole.

"Bosi, si umeme huu," akasema. "Beringi ya upande huu imekwisha. Tangu jana ilikuwa inalia."

"Mzee, shika ufagio," akajibiwa.

Fundi alifika baada ya chakula cha mchana. Alipofungua mashine alitoa beringi ile ile, imesagika. Nusu siku ya kazi ilikuwa imepotea, na hakuna aliyemrudia mzee kumwambia neno. Kumbe kabla ya kuja pale alikuwa ametengeneza mashine za kusaga huko Kariobangi Light Industries kwa miaka mingi. Alikuwa amefagia kiwandani miaka minne, na bado aliitwa kibarua.

Wahenga walisema penye miti hakuna wajenzi. Industrial Area wajenzi wapo tele, ila wamepewa kazi ya kufagia maranda.

Si kwamba mipango imekosekana. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, ina makao yake makuu papo hapo Industrial Area, Commercial Street. Iliundwa kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2011, ikarithi kazi ya Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwanda. Kila mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Kiwanda chenye watu 100 hulipa basi shilingi 60,000 kwa mwaka, na mwajiri akipeleka watu wake kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa anaweza kudai arudishiwe gharama. Upo pia mtihani wa ufundi wa serikali, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza. Na mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi ambao mtu aliupata kazini bila kukaa darasani: anapimwa kwa anachoweza kufanya, akifaulu anapewa cheti. Ukiisoma sera hiyo utadhani iliandikiwa mzee wa ufagio.

Lakini toka Commercial Street hadi pale alipokuwa akifagia, mpango huu unapita mikono mingi. Fomu za mafunzo hufika kwanza ofisini, na walioko ofisini hujiona wao kwanza. Kibarua hulipwa kwa siku, kwa hiyo siku ya kupimwa ujuzi ni siku ya kulala njaa. Hata akipata taarifa, anahitaji mtu wa kuthibitisha kazi aliyoifanya, na kwenye rekodi za kiwanda yeye ni mfagiaji tu.

Kuna sababu nyingine isiyosemwa kwa sauti. Amri ya kima cha chini cha mishahara nchini Kenya humtenga kibarua wa kawaida na fundi mwenye gredi, na kila gredi ina kiwango chake. Cheti kikitoka, mshahara unapaswa kupanda. Kwa hiyo mwajiri anayehesabu senti za leo huona nafuu mtu abaki bila karatasi, akarabati mashine kimyakimya inapobidi, alipwe ya ufagio. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, imeweka wazi kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazotimiza mwezi mmoja, ajira yake hugeuka kuwa ya mshahara wa mwezi. Miaka minne ya mzee yule ilivuka mpaka huo mara nyingi.

Simlaumu msimamizi peke yake. Jioni anaulizwa idadi ya pakiti, haulizwi ni wangapi amewainua. Pengine yeye mwenyewe alianzia kwenye ufagio, akapanda kwa jasho, na anahofia kwamba kijana atakayemfundisha leo atakalia kiti chake kesho. Mpango wowote usiomgusa mtu huyu utabaki kwenye makabati. Naye anaguswa akiulizwa kila mwezi: nani umempa nafasi ya kushika spana, na amefika wapi?

Mengine yanawezekana bila mradi mpya. Kiwanda kimlipe mtu siku yake ya kupimwa kama siku ya kazi. Kimwambie kabla hajaenda ni kazi ipi na mshahara upi unamngoja akifaulu, kwa sababu cheti kisichobadilisha kazi humrudisha mtu kwenye ufagio akiwa na uchungu zaidi. Na kitoe fedha zake kwenye ile tozo ambayo tayari kinalipa.

Nilipoacha kibarua, mzee nilimwacha pale pale. Kila mashine ilipobadilisha mlio, alisita kufagia, akasikiliza, kisha akaendelea na ufagio wake. Hakusema tena; alikuwa amejibiwa mara moja na ikatosha. Hasara ile haikuandikwa kwenye daftari lolote la kiwanda. Kesho alfajiri wengine kama yeye watasimama getini Lunga Lunga. Kabla ya kunyoosha kidole, msimamizi na awaulize: unajua kazi gani?