Fahamu: Kwa nini dereva huitazama bodaboda asiione

Ajali nyingi kati ya gari na pikipiki hutokea kwenye makutano, na dereva husema kwa dhati kabisa kwamba hakuiona. Inawezekana. Pikipiki ni nyembamba. Nguzo iliyo kando ya kioo cha mbele yatosha kuificha nzima. Tena umbo dogo huhadaa macho, likaonekana liko mbali na linakuja polepole kuliko ilivyo. Dereva wa Dar es Salaam au Nairobi anayekata kulia mbele ya wanaokuja huona nafasi ambayo haipo. Sogeza kichwa, tazama mara ya pili, ndipo ukate.

Kwenye foleni hatari huhamia ubavuni. Bodaboda hupenya katikati ya magari, na kioo cha pembeni hakionyeshi kila kitu. Washa indiketa mapema, geuza shingo kabla ya kuhama njia. Ukiegesha, fungua mlango kwa mkono ulio mbali nao. Mwili utageuka na macho yataona nyuma.

Kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, gari hukata takriban mita 17 kila sekunde. Acha angalau sekunde tatu nyuma ya pikipiki, na zaidi mvua inaponyesha, maana shimo au mchanga usioitikisa gari yako humwangusha mwenye magurudumu mawili. Na mara ngapi tunaona amepakia mama na mtoto, wote bila kofia ngumu! Unapompita, mwachie nafasi kama ungepita gari, wala usimpigie honi akiwa ubavuni mwako.