Sura ya Sita: Uzito, Lami na Kinachofuata Baada ya Lami

Ukisimama ufukweni Nyamyumba, Rwanda, upande wa kiwanda cha bia cha Bralirwa, ukatazama ng'ambo ya maji, unaiona Goma ya Kongo chini ya mlima Nyiragongo. Kwa miaka mingi ndege nyingi zilizoondoka kule zilipaa kuelekea kusini: zikapita juu ya mabati ya mtaa wa Birere, zikavuka mji, zikatokeza juu ya Ziwa Kivu. Mwelekeo huo una sababu. Kaskazini ya kiwanja ardhi inapanda mpaka kwenye kreta iliyo mita 3,470 juu ya usawa wa bahari, na tangu tarehe 17 Januari 2002 upande huo uliongezewa kizuizi kingine, yaani lava.

Siku hiyo Nyiragongo ililipuka. Lava ikashuka, ikaukata mji, ikaingia kiwanjani. Barabara ya kurukia ilikuwa na urefu wa karibu mita 3,000. Kiasi cha theluthi yake, upande wa kaskazini, kikafunikwa. Kipande kilichobaki kikaendelea kutumika. Ndege ni zile zile, mizigo ni ile ile, jua la mchana ni lile lile. Kilichobadilika ni tarakimu moja katika hesabu za rubani, na sura hii inahusu tarakimu za namna hiyo.

Hewa nyepesi

Kiwanja cha Goma kiko takriban mita 1,550 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na joto huifanya iwe nyepesi zaidi. Siku yenye nyuzijoto 25, hewa ya Goma huwa nyepesi kwa karibu asilimia 20 kuliko hewa ya usawa wa bahari yenye nyuzijoto 15. Bawa hubebwa na hewa inayolipitia. Hewa ikiwa haba, sharti ipite kwa kasi zaidi. Ndege ambayo ingenyanyuka kwa kilomita 260 kwa saa kwenye usawa wa bahari, Goma itataka kama 290. Injini nazo huvuta hewa hiyo hiyo haba, kwa hiyo nguvu zake zinapungua. Ndege inadaiwa kasi kubwa huku ikisukumwa kwa nguvu ndogo, na deni hilo hulipwa kwa mamia ya mita za lami.

Kasi ya uamuzi

Kabla ya kuondoka, marubani hukusanya uzito wa ndege, urefu wa barabara, joto, upepo, na hali ya lami, kama ni kavu au imelowa. Hesabu huwapa majibu matatu: nguvu ya injini, kasi ya kuinua pua, na kasi ya uamuzi. Injini ikizimika kabla ya kasi ya uamuzi, rubani hufunga breki na ndege husimama ndani ya lami. Ikizimika baada ya hapo, breki hazitoshi tena. Lazima apae kwa injini iliyobaki. Barabara ikifupishwa, uzito nao hauna budi kupunguzwa: abiria wachache, mafuta kidogo, magunia mengine yabaki yakisubiri safari ya kesho.

Tarehe 15 Aprili 2008, ndege aina ya DC-9 ya shirika la Hewa Bora ilianza safari ya Goma kwenda Kisangani na Kinshasa. Ilikimbia lakini haikupaa. Ilipita mwisho wa barabara ikaingia Birere, mtaa wa maduka na soko, na moto ukawaka. Watu wapatao 40 walifariki, wengi wao wakazi wa mtaa huo ambao hawakuwa na tiketi wala safari. Miaka 12 kabla yake, tarehe 8 Januari 1996, Antonov An-32 iliyojazwa kupita kiasi ilishindwa kupaa kutoka Ndolo, Kinshasa, ikaingia soko la Simbazikita na kuua zaidi ya watu 200. Katika miji yote miwili, mahali ambapo barabara ya ndege iliishia palikuwa pameanzia soko.

Tarakimu moja

Mtu akisoma habari hizi hudhani kwamba balaa hili ni la ndege chakavu na viwanja vya vita. Sivyo. Tarehe 20 Machi 2009, Airbus A340 ya Emirates iliyokuwa ikielekea Dubai iliondoka Melbourne, Australia, ikiwa na watu 275. Uzito wake halisi ulikuwa tani 362.9. Kwenye kompyuta ndogo ya marubani iliandikwa 262.9. Mkia ulikwaruza lami, ndege ikapita mwisho wa barabara, ikagonga taa na vifaa vya kuongozea ndege kabla ya kupanda. Ilirudi salama. Auckland, mwaka 2003, Boeing 747 ya Singapore Airlines nayo ilikwaruza mkia baada ya tani 100 kusahauliwa vivyo hivyo. Halifax, Kanada, mwaka 2004, 747 ya mizigo ya MK Airlines ilitumia uzito wa safari iliyotangulia. Wote saba waliokuwamo walikufa.

Kwa nini marubani wazoefu hawashtuki mapema? Msukuma chukudu (kigari cha mbao cha mizigo) wa Goma hujua uzito wa mzigo wake kwa mabega, tangu hatua ya kwanza. Rubani hana mabega hayo. Leo ana tani 200, kesho 360, na mwili wake hauwezi kupima kwa uhakika kama ndege inaongeza mwendo inavyopaswa. Tena mashirika, ili kuzitunza injini, huondoka kwa nguvu pungufu kila hesabu inaporuhusu. Ukiiambia kompyuta kwamba ndege ni nyepesi, inakupa nguvu ndogo na kasi ndogo za kuinulia pua, na majibu yote yanapatana. Kosa linakuwa limekwisha kukubaliwa na mashine. Anayeligundua huligundua pale taa nyekundu za mwisho wa barabara zinapomkaribia.

Wakati mwingine tarakimu zote ni sahihi, ila ndege yenyewe haijaandaliwa kama hesabu ilivyodhani. Tarehe 20 Novemba 1974, Boeing 747 ya Lufthansa iliondoka Nairobi, kiwanja kilicho juu kama Goma, bila vibawa vya mbele kufunguliwa. Ilinyanyuka kidogo, ikaanguka ng'ambo ya barabara. Kati ya watu 157, walifariki 59.

Kinga

Kinga ya kwanza ni hesabu mbili: kila rubani afanye yake bila kuchungulia ya mwenzake, kisha walinganishe. Ya pili ni swali la mtu mzima: ndege hii, kwa safari hii, kwa kawaida huwa na tani ngapi? Ya tatu ni mfumo unaolinganisha mwendo halisi na uliotarajiwa na kupiga kelele mapema. Airbus imeanza kuuweka kwenye A350.

Kinga ya mwisho iko nje ya ndege. ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, linataka pawe na eneo tupu baada ya barabara, la angalau mita 90, na linapendekeza 240 kwa barabara ndefu. Penye ufinyu, baadhi ya viwanja humwaga zege jepesi linalopondeka chini ya magurudumu na kuisimamisha ndege. Yote hayo ni nafuu kabla mtaa haujajengwa. Baadaye ni bomoabomoa, fidia na kesi.

Kiwanja cha Goma kilifungwa vita vilipoufikia mji, Januari 2025. Siku ndege za abiria zitakaporejea, mkazi wa Birere atakuwa na haki ya kumwuliza mkuu wa kiwanja maswali matatu: lami ina mita ngapi, nani ameipima mizigo, na baada ya lami kuna nini. Swali la tatu ndilo pekee ambalo rubani hawezi kulijibu kwa hesabu zake. Hilo ni la serikali, na la mwenye kugawa viwanja vya kujenga.