Ndugu Mkulima, Unaijua Simu Yako?

Ndugu msomaji, siku hizi simu imeingia karibu kila nyumba kijijini. Mkulima anayo. Mvuvi anayo. Hata mchunga ng'ombe anayo mfukoni. Watu huzungumza habari za simu kama zamani walivyozungumza habari za baiskeli. Huyu husema yake ni kubwa. Yule husema yake ina kamera tatu.

Mimi ni mpenzi wa vyombo hivi. Nimevitumia vya namna nyingi, na vingine nimevifungua kwa bisibisi ili nione vilivyomo ndani. Leo nataka kukupa maoni yangu. Huenda siku moja utauza mbuzi au gunia la mpunga ili ununue simu. Siku hiyo ni vizuri ujue unanunua nini.

SIMU INA MWILI NA INA PROGRAMU

Mwili wa simu ni kioo, betri, vibonyezo na kamera. Huo unauona kwa macho na kuushika kwa mkono. Lakini ndani mna kitu kingine kisichoonekana. Kitu hicho kinaitwa programu.

Programu ni maagizo yaliyoandikwa na mafundi ili chombo kijue la kufanya. Unapobonyeza namba ya ndugu yako, programu ndiyo inayoiambia simu ipige. Jembe halina programu. Jembe hufanya kazi ile ile mpaka liishe. Simu hufundishwa kazi mpya kila mara. Leo inapiga hesabu, kesho inatuma fedha, keshokutwa inaonyesha mpira. Mwalimu wake ni programu.

Watu wengi wakifika dukani hutazama mwili tu. Hukigeuza geuza kioo na kuona kinavyong'aa. Huuliza kamera ni ngapi. Habari za programu hawaulizi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo fedha za mkulima zinapopotea. Simu inaweza kuwa nzima kabisa, haina hata mkwaruzo, lakini programu zake zimekwisha kuachwa nyuma.

Chukua mfano wa WhatsApp, ile programu ya kutumiana habari na picha. Zamani ilifanya kazi hata katika simu za Nokia zenye vibonyezo, za aina iliyoitwa S40. Tarehe 31 Desemba 2018, wenye WhatsApp waliacha kuzihudumia simu hizo. Tena tarehe 24 Oktoba 2023 waliziacha simu za Android ambazo toleo lake lilikuwa chini ya 5.0. Simu hizo hazikuvunjika wala hazikuanguka kisimani. Ila mafundi hawakutaka tena kuandika maagizo kwa ajili ya vyombo vya zamani.

Jambo hili mimi silipendi. Mtu amenunua chombo kwa jasho lake, kisha mwingine aliye mbali sana anaamua kwamba sasa basi. Lakini ndivyo biashara hii ilivyo, na mnunuzi inambidi awe macho.

Android ni nini? Ni programu kuu inayozisimamia programu nyingine zote katika simu janja nyingi. Simu ya kwanza yenye Android iliuzwa mwaka 2008. Tangu hapo matoleo yake yamekuwa yakitolewa kwa namba. Namba kubwa ni toleo jipya zaidi. Basi ukiwa dukani, omba simu uishike mwenyewe. Fungua mahali palipoandikwa Mipangilio. Shuka mpaka chini, kwenye Kuhusu simu. Soma namba ya Android iliyoandikwa hapo. Kama ni ndogo, simu hiyo itaachwa mapema, hata kama kioo chake ni kikubwa kama sinia.

Tazama pia ghala la simu, yaani nafasi ya kuwekea programu, picha na sauti. Nafasi hiyo hupimwa kwa GB. Programu kuu nayo hukaa katika ghala hilo hilo. Kwa hiyo simu ya GB 16 ni kama ghala ambalo limekwisha jaa karibu nusu kabla hujamimina debe lako la kwanza. Kisha kila picha ya harusi na kila kichekesho unachotumiwa huingia humo humo. Ghala likijaa, simu huwa nzito. Mwenyewe husema imeharibika, akampelekea fundi. Mara nyingi haikuharibika. Futa video kwanza, ndipo umtafute fundi.

USIMCHEKE MWENYE KITOCHI

Kuna vijana wanaowacheka wazee wenye simu ndogo za vibonyezo. Mimi siwezi kuwacheka. Mwaka 2003 kampuni ya Nokia ilitoa simu iliyoitwa Nokia 1100. Ilikuwa na tochi kichwani. Vibonyezo vyake vilifunikwa ili vumbi lisiingie. Haikuwa na kamera wala rangi. Simu hiyo iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Betri yake ya aina ya BL-5C unaiona mpaka leo hata katika redio ndogo za mkononi. Sisi Tanzania simu za namna hiyo tunaziita kitochi. Wakenya wamezibatiza jina la mulika mwizi.

Waliotengeneza simu ile walifikiri kwanza mtu atakayeitumia anaishi wapi. Umeme hana, vumbi analo, na usiku anakwenda zizini. Ndiyo maana naiheshimu kuliko simu nyingi za bei kubwa.

Na kwa kuwa tumetaja tochi, sikiliza kisa hiki cha kweli. Huko Marekani palikuwa na programu ya simu janja ambayo kazi yake ilikuwa kuwasha tochi tu. Watu mamilioni waliiweka katika simu zao. Mwezi Desemba 2013, tume ya serikali ya huko inayolinda wanunuzi ilimchukulia hatua mtengenezaji wake. Ilionekana kwamba programu hiyo ilikuwa ikiwapelekea watu wa matangazo ya biashara habari za mahali simu ilipo, bila kumweleza mwenyewe sawasawa. Tochi ya kitochi humulika njia basi. Kwa hiyo, programu ikikuuliza kama unairuhusu isome majina ya jamaa zako au ijue ulipo, jiulize inayataka ya nini. Kama huoni sababu, bonyeza kukataa.

MENYU HAIKUNGOJI

Sasa tuje kwenye programu ambayo naiona ni bora kuliko zote kwa mtu wa kijijini. Haina picha wala rangi. Ni ile menyu ya fedha. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, na kwetu Tanzania ilianza mwaka 2008. Unapiga *150*00# na menyu inakuja. Ile alama ya mwisho watu huiita reli.

Je, umewahi kujiuliza kwa nini kitochi cha zamani kinatuma fedha sawa na simu mpya ya bei kubwa? Sababu ni kwamba kitochi hakifikiri chochote. Ukibonyeza reli na kupiga, swali lako linakwenda kwenye kompyuta kubwa ya kampuni. Kompyuta ile ndiyo inayofikiri, kisha inakurudishia maneno ya kusoma. Simu yako inafanya kazi ya tarishi tu. Bando halihitajiki. Tena kwa kazi hii simu haizeeki, maadamu inashika mtandao.

Lakini menyu hii ina kasoro moja kubwa, na kasoro hiyo inawaumiza hasa watu waliojifunza kusoma wakiwa watu wazima. Haingoji. Ukikaa kidogo bila kubonyeza, inajifunga. Njia kati ya simu yako na kompyuta ile imeshikwa wazi kwa ajili yako, na kampuni imeiwekea muda ili na wengine wapite. Anayesoma taratibu hujikuta yuko mstari wa tatu, menyu imekwisha kutoweka. Anapiga tena, inatoweka tena. Mwishowe anamwita kijana aliyekaa dukani, anampa simu, na anamtajia namba ya siri kwa sauti, watu wote wakisikia.

Ndugu yangu, hapo umempa mtu ufunguo wa nyumba. Huenda kijana huyo ni mwema. Lakini namba akiijua leo, na kesho pia ataijua.

Napenda nikuambie wazi kwamba kosa si lako. Ni la wale waliotunga menyu wakidhani kila mtu anasoma mbio. Kama ningekaa nao meza moja, ningewaambia waongeze muda na wapunguze maneno. Mpaka watakapofanya hivyo, iko njia ya kuishinda menyu. Nimewaona kina mama wakiitumia sokoni.

Chukua daftari na kalamu. Piga namba ya menyu wakati huna haraka, ukiwa nyumbani. Nakili mstari wa kwanza na namba yake. Ikijifunga, usiogope. Piga tena unakili wa pili. Fedha yako haiwezi kutumwa kabla hujaweka namba ya siri. Ukimaliza ukurasa wa kwanza, ingia katika kutuma fedha na unakili yaliyomo. Baada ya siku chache utakuwa na menyu yote katika daftari. Hapo hutasoma tena kwa mbio. Utakuwa unajua ubonyeze namba gani kwanza na namba gani baadaye. Lakini namba ya siri usiiandike katika daftari hilo. Hiyo ikae kichwani.

Kisha jizoeze kuhesabu sifuri. Katika menyu unaandika fedha bila alama yoyote katikati. Elfu kumi ni 10000, yaani moja na sifuri nne. Laki moja ni 100000, yaani moja na sifuri tano. Kidole kikiteleza mara moja, umetuma mara kumi. Huduma nyingi hukuonyesha kiasi cha fedha na jina la mpokeaji kabla ya kumaliza. Soma hapo hata ukitumia muda wote uliopewa. Kama unamtumia shemeji yako na jina lililotokea hulijui, usiendelee. Afadhali menyu ijifunge.

Kusoma kunakulinda pia na ule ujumbe unaosema, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Tapeli huutuma kwa watu wengi, akitumaini kwamba mmoja wao alikuwa kweli anataka kutuma hela mahali. Kama ulikuwa umeahidi kumtumia mtu, mpigie kwa namba yake ile unayoijua, usikie sauti yake. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imeweka namba 15040 ya kupelekea habari za matapeli hao.

BETRI NA HADITHI ZA ZAMANI

Bado wako watu wanaosema betri lazima iishe kabisa ndipo ichajiwe. Maneno hayo yalifaa kwa baadhi ya betri za zamani. Betri za simu za leo ni za lithiamu. Zilianza kuuzwa mwaka 1991, nazo hupenda kinyume chake. Ukiwa na nafasi, ichaji kabla haijaisha. Adui yake mkubwa ni joto. Wengi wetu tunachaji kwa sola, na nimeona watu wakiiweka simu juani pamoja na paneli, ati vyote viko kazini. Paneli ikae juani. Simu ikae kivulini, waya urefushwe. Wala usiilalie chini ya mto ikiwa inachaji. Na betri iliyovimba usiitoboe wala usiikandamize ili irudi ndani. Inaweza kuwaka moto. Iondoe, utafute nyingine.

UKIFIKA NYUMBANI NA SIMU JANJA

Tuseme umekwisha nunua simu janja, na umesoma mwenyewe namba ya Android. Kabla hujapiga hata picha moja, rudi tena Mipangilio. Mara nyingi muuzaji huiacha simu katika Kiingereza. Tafuta mahali pa lugha, uchague Kiswahili. Kimo humo, hulipii kitu. Kisha tafuta mahali pa ukubwa wa maandishi, uyakuze. Herufi zikifika ukubwa wa herufi za gazeti hili, utasoma bila kukunja uso na bila kuisogeza simu mbali na macho kama anayelenga ndege. Vijana watakuambia maandishi makubwa hupunguza uzuri wa simu. Usiyapunguze. Wakitaka madogo, wayaweke katika simu zao.