Naenda majuu, nani ataamini nitarudi?

Wiki hii sina umbeya wa mastaa wala ushauri wa mapenzi. Nina habari moja tu, na nimeibana mpaka kifua kinauma: Jumatano ijayo napanda pipa! Naenda Ujerumani kumtembelea shoga yangu niliyesoma naye sekondari hapa Moshi. Siku hizi yeye ni nesi katika mji wa Tübingen, kusini mwa Stuttgart. Kama jina hilo umeshalisikia, si ajabu. Tübingen na Manispaa yetu ya Moshi ni miji rafiki tangu 2014.

Nakaa wiki tatu, halafu narudi. Na hiyo "narudi" ndiyo iliyonitoa jasho.

Nilianza na pasipoti. Kitambulisho cha NIDA ninacho, cheti changu cha kuzaliwa ninacho, lakini cha baba hakuna. Mzee alizaliwa nyumbani, katikati ya migomba, nani angemwandikia cheti? Ikabidi kiapo cha wakili kitumike. Ada yote ilinigharimu shilingi 150,000, na kwa sisi tunaolipwa kwa makala, hapo unaaga chipsi kuku kwa muda mrefu. Nilipokipata kile kijitabu nilikinusa kama mkate wa moto!

Ikaja zamu ya viza. Shoga yangu alikwenda ofisi ya wageni ya kwao akasaini hati ya dhamana, kwamba nikila, nikilala au nikiugua, gharama ni juu yake. Nikakata bima ya afya ya safari, ambayo lazima ifidie angalau yuro 30,000. Ada ya viza yenyewe ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Maombi unaweza kuyapeleka kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15. Tiketi usinunue kwanza. Unafanya buking tu, hela unatoa viza ikiwa mkononi.

Mpaka hapo nilijiona mjanja. Kisha nikafika kwenye lile swali: una kitu gani kitakachokurudisha kwenu? Wanataka barua ya mwajiri, au mume, watoto, nyumba, biashara, shamba. Basi bwana, nikajitazama kwenye kioo. Mwajiri sina, nauza makala huku na kule. Mume sina (na nyie mnaonitumia meseji usiku, tulieni). Biashara sina. Shule niliishia sekondari. Msichana wa miaka ishirini na kitu, hana mbele wala nyuma, anasema anaenda Ulaya kusalimia! Kusema kweli, hata mimi ningekuwa ofisa nyuma ya kile kioo ningejitilia shaka. Wangapi waliaga wiki mbili wakazamia mazima?

Binamu yangu wa mjini akaja na akili zake. "Nakutumbukizia milioni tano kwenye akaunti. Ukishachukua taarifa ya benki, unanirudishia." Nilitamani, nisikudanganye. Nilipompigia shoga yangu akanikemea mpaka simu ikapata moto. Alisema taarifa ya benki inaonyesha miezi kadhaa, na hela iliyodondoka jana inaonekana kama chunusi puani. Wakishakukamata na uongo mmoja, hata ukweli wako hawausomi tena.

Jumapili hiyo nikapanda Hiace mpaka Kibosho kwa bibi. Nilitaka barua tu, iseme kwamba kwetu ni pale na familia inanisubiri. Nilimkuta baba mdogo amekaa na kata yake ya mbege. Nikawaamkia, nikaeleza shida yangu.

"Barua ya kwetu sawa," baba mdogo akasema. "Ila usiandike una shamba. Mtoto wa kike hana kihamba. Utaolewa, utakuta cha mumeo."

Kwa msomaji asiye wa huku, kihamba ndiyo ile ardhi ya ukoo yenye migomba na kahawa, ambamo wazee wetu wamezikwa. Kwa mila hushuka kwa watoto wa kiume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mwanamke ana haki ya ardhi sawasawa na mwanaume. Lakini sheria iko Dodoma, na baba mdogo yuko pale kwenye kigoda.

Nikanyamaza. Mimi ningemjibu nini mkubwa wangu? Nilikuwa nakusanya makaratasi yangu nishuke zangu mjini, bibi akaacha kumenya ndizi.

"Kila mwezi nani anapanda huku kunipalilia?" akamuuliza mwanawe. "Nani alikaa na mimi hospitali? Nyie mnakuja Krismasi, mnakula mbuzi, mnawasha magari. Babu yenu aliniachia mimi hapa. Ile mistari miwili ya migomba kule kwenye mfereji ni ya huyu. Kesho twende kwa mtendaji akaandikiwe."

Baba mdogo aliweka kata chini, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake bibi alivaa kitenge chake cha kanisani, tukatembea mpaka ofisi ya kijiji. Karatasi ikaandikwa, mashahidi wakasaini, bibi akaweka dole gumba, muhuri ukagongwa. Nilikwenda kutafuta karatasi ya kuwaonyesha Wazungu, nikashuka mlimani nina shamba! Nililia ndani ya Hiace mpaka konda akanisamehe shilingi mia tano. Lakini baba mdogo hajanisemesha mpaka leo, na hilo linaniuma. Nikirudi, mtu wa kwanza kwenda kumsalimia ni yeye, na zawadi yake nimeshaipangia hela.

Ubalozi uko Dar, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Nilipanda basi na bahasha nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Dirishani niliulizwa kwa nini nitarudi. Kiingereza changu cha kuombea maji kikanikimbia, nikasema tu: nina bibi, nina migomba, na Desemba kwetu hakuna anayebaki mbali. Sijui ni kipi kiliwaridhisha, maana ukipewa viza huandikiwi sababu. Siku zikapita, pasipoti ikatoka, stika imo ndani.

Sasa nafungasha. Koti nimepata kwenye mitumba ya Memorial, na lebo yake ni ya Kijerumani. Yaani lilikuja kwa meli, linarudi kwao kwa ndege! Soksi nzito nimeazima kwa kaka yangu mpagazi. Zimeshafika Uhuru, mita 5,895, kwa hiyo baridi ya Tübingen ya Oktoba haizitishi.

Bibi naye kaleta furushi lake: parachichi, maziwa mgando, nyama ya kukausha, kahawa na ndizi mshare. Nilikuwa na kazi ya kumweleza. Nyama na maziwa kutoka huku havivuki mpaka wa Umoja wa Ulaya. Parachichi nalo linataka cheti cha afya ya mimea tangu Desemba 2019. Matunda matano tu ndiyo yameachiwa bila cheti: nanasi, nazi, tende, duriani na... ndizi! Bibi alicheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe Wazungu wanamjua Mchagga," akasema.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kwa safari ya kwanza, anza mapema, miezi minne si mingi. Jina liwe sawasawa kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi. Hela ya kuazima usiiweke benki. Na kabla hujatafuta koti, kaa na watu wa kwenu uwaulize una nini pale nyumbani. Unaweza kusikia usiyoyategemea, mazuri na machungu.

Jumatano nitakuwa KIA na ndizi zangu, napitia Addis Ababa. Krismasi tukutane Moshi, na safari hii mimi nachinja mgomba wangu mwenyewe.

Alamsiki!